AFYA YA NYUMBANI: Jicho la Bibi na Taa ya Daktari



Mwezi huu tumepokea barua ya mwalimu mmoja wa upande wa Geita, nayo ina swali zito. Asema hivi: "Nimesikia ya kwamba madaktari wa nchi za mbali waweza kumtazama mzee ndani ya jicho, wakatambua kama akili yake inaanza kupotea. Nilipowaeleza vijana wa darasa la ubatizo, mmoja wao akasema, 'Mwalimu, hayo si mageni kwetu. Hata mpiga ramli humtazama bibi kizee macho, na akiyaona mekundu hujua kuwa ni mchawi.' Nilikosa jibu la kumpa. Tafadhali nisaidieni."

Yatupasa kumjibu mwalimu huyu kwa uangalifu, maana katika Shinyanga na Geita swali hili si la darasani tu. Watu wameuawa kwa sababu ya rangi ya macho yao. Basi na tuanze na maradhi yenyewe, kisha jicho, kisha ramli.

Maradhi ya kusahau

Kila mzee husahau. Amesahau alipoweka fimbo yake, au jina la mjukuu wa mwisho, kisha baadaye hukumbuka na kucheka. Huo si ugonjwa. Lakini liko jambo jingine. Mama aliyepika ugali miaka hamsini hajui tena kama maji hutangulia au unga. Auliza swali moja mara kumi kabla ya jua kutua. Apotea katika njia ya kisimani aliyoipita tangu usichana wake. Amwita mwanawe kwa jina la ndugu yake aliyekufa zamani. Usiku hatulii, huamka na kutoka nje, na alfajiri hukutwa mlangoni pa jirani, pengine hana nguo, wala hajui alivyofika pale.

Hali hii huitwa demensia, na mwenye kuileta mara nyingi kuliko wote ni ugonjwa wa Alzheimer. Jina hili latokana na daktari Mjerumani, Alois Alzheimer. Mwaka 1901, katika mji wa Frankfurt, alimpokea mama mmoja wa miaka 51, Auguste Deter, aliyeulizwa jina la mumewe akataja jina lake mwenyewe. Mama huyo alipofariki mwaka 1906, daktari aliuchunguza ubongo wake kwa darubini, akaona madoa yaliyogandamana na nyuzi zilizosokotana mahali pasipo pake. Mwaka 1910 mwalimu wake, Emil Kraepelin, aliuita ugonjwa huo kwa jina la Alzheimer.

Shirika la Afya Duniani lasema watu zaidi ya milioni 55 ulimwenguni wana demensia, na walio wengi wakaa katika nchi zisizo tajiri. Wala tusidhani kwamba Tanzania haimo. Mwaka 2010 wataalamu walikwenda Wilaya ya Hai, chini ya Mlima Kilimanjaro, wakawapima wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi, nyumba kwa nyumba. Waliona ya kuwa kama wazee 6 katika kila 100 wana maradhi haya. Bibi yule anayekutwa mlangoni pa jirani si wa kijiji kimoja tu, na maradhi yake yana jina.

Kwa nini jicho?

Mtoto anapoumbwa tumboni, ubongo wake huchipuza vichipukizi viwili kuelekea mbele, na hivyo ndivyo vinavyokuwa sehemu ya nyuma ya macho. Utando huo wa nyuma, uitwao retina, ndio unaopokea mwanga, kama ukuta mweupe upokeavyo picha za sinema. Kutoka kwenye retina nyuzi za mishipa ya fahamu zapata milioni moja kwa kila jicho, nazo hukusanyika kama kamba moja na kuingia ubongoni. Basi retina ni kipande cha ubongo kilichosogezwa mbele, karibu na dirisha.

Ubongo wenyewe umefungwa ndani ya fupa la kichwa, wala hauonekani kwa macho. Lakini mboni ya jicho ni tundu lililo wazi. Mwaka 1851 Hermann von Helmholtz, mtaalamu wa Kijerumani, alitangaza chombo chake cha kupeleka mwanga ndani ya jicho na kuitazama retina ya mtu aliye hai. Hapo daktari akaona mishipa ya damu ikipita, na mahali kamba ile ya fahamu ianziapo, bila kukata ngozi wala kutoa tone la damu. Tangu siku hizo madaktari wameona kisukari na shinikizo la damu kwa njia hiyo, hata kabla mgonjwa hajajisikia vibaya.

Mwaka 1991 wataalamu wa Massachusetts, Marekani, miongoni mwao David Huang na James Fujimoto, walieleza mashine mpya. Hii hurusha mwanga hafifu jichoni na kuupima unavyorudi, kisha huchora tabaka za retina kama mtu aonavyo tabaka za udongo katika ukuta wa shimo la machimbo. Mgonjwa huweka kidevu juu ya kitako cha mashine, hutazama nukta moja, na baada ya dakika chache kazi imekwisha. Upana wa kila tabaka hupimwa kwa sehemu za elfu za milimita.

Wataalamu wamefika wapi?

Kwa kutumia mashine hizo wameona ya kuwa wengi wenye ugonjwa wa Alzheimer wana tabaka nyembamba za mishipa ya fahamu katika retina kuliko wazee wenzao walio wazima. Mishipa midogo ya damu nayo mara nyingine huwa imepungua. Tena mwaka 2011, wachunguzi wa hospitali ya Cedars-Sinai, mjini Los Angeles, walisema wameyaona katika macho ya watu waliokufa kwa ugonjwa huo madoa ya namna ile aliyoyaona Alzheimer katika ubongo. Ili kuyaona walitumia rangi ya binzari ya manjano, ile tuijuayo jikoni, kwa sababu hushikamana na madoa hayo na kung'aa inapomulikwa. Mwaka 2017 walieleza kwamba wameyapiga picha katika macho ya wagonjwa walio hai. (Wala mtu asikimbilie kula binzari kuwa dawa. Pale ilikuwa rangi ya kuonyeshea tu.)

Lakini hapa, mwalimu, uwaambie vijana wako neno la maana sana. Maabara nyingine zilipoyatafuta madoa hayo katika retina hazikuyaona. Tena retina hupungua kwa sababu nyingi. Hupungua kwa uzee wenyewe, kwa kisukari, na kwa presha ya macho. Kwa hiyo hakuna daktari mwaminifu leo awezaye kupiga picha ya jicho moja na kusema, "Huyu ana Alzheimer." Picha ya jicho bado ni ushahidi mmoja unaotafutiwa wenzake, kama vile mzee wa baraza asivyohukumu kwa shahidi mmoja. Wenye mashine kubwa hutazama pia ubongo wenyewe, na maji ya uti wa mgongo. Mwaka 2025 Marekani ilikubali kipimo cha damu cha kusaidia kazi hiyo. Wataalamu waendelea na uchunguzi wa jicho kwa sababu kipimo chake, kikithibitika, kitakuwa chepesi, kisicho na maumivu, na pengine kitafika hata kwenye hospitali za wilaya.

Wala hatuna haja ya kungoja mashine hizo. Huko Hai wataalamu walitengeneza kipimo cha maswali sita kisichohitaji mtu kujua kusoma, kiitwacho IDEA. Mzee huulizwa leo ni siku gani, na kiongozi wa mahali pake ni nani. Huambiwa ataje wanyama kwa dakika moja, apange njiti za kiberiti kama alivyoonyeshwa, aeleze daraja ni kitu gani, na akumbuke maneno aliyosomewa. Mhudumu wa afya aliyefundishwa aweza kukitumia chini ya mwembe.

Na macho mekundu, je?

Sasa tuje kwa kijana aliyesema kwamba ramli nayo hutazama jicho.

Wekundu wa jicho uko nje, katika ngozi nyembamba iliyofunika sehemu nyeupe. Retina iko nyuma kabisa, gizani. Ugonjwa wa Alzheimer hauyafanyi macho kuwa mekundu. Mtu aweza kuwa nao ukiwa mkubwa, na macho yake meupe kama maziwa. Na mwenye macho mekundu kama kaa la moto aweza kuwa na akili timamu kuliko sisi sote. Yaonekanayo kwa nje hayaelezi ya ndani.

Basi wekundu watoka wapi? Watoka jikoni. Mwanamke wa Usukuma aliyefikia miaka 70 ameinama juu ya mafiga tangu utoto, ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Zamani nchi ya Shinyanga ilikuwa na miti. Miti ilikatwa ili kuwafukuza mbung'o, kupanua mashamba ya pamba, na kupata kuni, hata nchi ikabaki kama uwanja. Ndiyo maana mwaka 1986 Serikali ilianza mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, kuzirudisha ngitili. Na kuni zikikosekana watu huchoma mabua na kinyesi cha ng'ombe, ambavyo moshi wake ni mkali. Ongeza vumbi, ongeza ugonjwa wa vikope, ongeza miaka. Macho ya bibi ni mekundu kwa sababu alitupikia. Wekundu ule ni hati ya kazi yake, nasi twamsomea kuwa ni hati ya hukumu!

Habari ni za kusikitisha. Hesabu zilizokusanywa na Serikali zaonyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa Tanzania Bara katika mambo ya kutuhumiana uchawi. Walio wengi walikuwa wanawake, na zaidi ya nusu ya mauaji hayo yalikuwa Usukumani. Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyaandika mambo haya kwa urefu. Na ingawa Serikali, makanisa na mashirika yamefanya kazi kubwa, mauaji hayo hayajakoma kabisa.

Tujiulize yanavyotokea. Kijana ameingia shimoni miezi sita wala hakupata dhahabu. Au ng'ombe wamekufa, au mtoto ameugua. Au, tuseme kweli, shamba la mjane ni zuri, na warithi wamechoka kungoja. Hapo mtu huenda kwa mpiga ramli, akauliza, "Nani amenifungia?" Naye mpiga ramli hamtaji mwenye nguvu. Humtaja asiye na mtetezi, aishiye peke yake, mwenye macho mekundu. Na kama bibi huyo ana maradhi ya kusahau, ushahidi huonekana umetimia, kwa kuwa atembea usiku, aongea peke yake na waliokufa, akutwa mlangoni pa watu. Zile dalili ambazo zingalimpeleka hospitali ndizo zinazomletea panga.

Tofauti ya watazamaji wawili

Hili ndilo jibu la kumpa kijana. Daktari na mpiga ramli wote wawili hutazama jicho, lakini kazi zao ni mbali kama mchana na usiku.

Kwanza, daktari huyatazama macho ya wagonjwa na ya wazima pia, akayalinganisha. Mpiga ramli hajapata kuwahesabu wanawake wenye macho mekundu ambao hawakumdhuru mtu. Angeanza kuhesabu, angemhesabu na mama yake mzazi.

Pili, daktari akisema neno, daktari wa nchi nyingine hutazama tena, na akiona sivyo, husema sivyo mbele ya watu wote. Ndivyo ilivyokuwa kwa yale madoa ya retina. Mpiga ramli hana wa kumpima, wala haulizwi tena baada ya mtu kufa.

Tatu, daktari hutazama ili amsaidie yule yule anayemtazama. Mpiga ramli hutazama ili amkabidhi kwa wengine.

Tena Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928 na ingalipo hata leo, yamhesabu kuwa mkosaji mtu amtajaye mwenziwe kuwa mchawi kwa njia za uganga, na mwaka 2015 Serikali ilitangaza kupiga marufuku ramli chonganishi. Lakini sisi tunayo sheria ya juu zaidi. Katika Yohana sura ya 9 wanafunzi walimwona mtu kipofu, wakataka kujua ni nani aliyetenda dhambi. Bwana hakukubali swali lao, wala hakumtafuta mkosaji. Alimponya mgonjwa. Mkristo ambaye Jumapili huimba na Jumatatu huenda kwenye bao kuuliza nani amemroga, huyo amelirudia swali lile ambalo Bwana alilikataa.

Yatupasayo nyumbani

Mzee akianza kusahau kwa namna tuliyoeleza, mpelekeni hospitali mapema, maana si kila kusahau ni Alzheimer. Malaria, ukosefu wa damu au wa vitamini, huzuni kubwa baada ya kufiwa, na dawa zisizomfaa, vyote huweza kuchanganya akili, na vyaweza kutibiwa. Ninyi mkaao karibu na machimbo, kumbukeni na zebaki. Mvuke wake, dhahabu ichomwapo, hudhuru mishipa ya fahamu, hutetemesha mikono na kuharibu kumbukumbu. Msiichome zebaki nyumbani wala karibu na watoto, na mumweleze daktari kama mgonjwa amekaa na kazi hiyo.

Mpimeni macho. Mwaka 2024 kamati ya wataalamu wa jarida la Lancet ilihesabu mambo 14 yanayoongeza hatari ya demensia na ambayo yaweza kuzuiwa au kupunguzwa, na mojawapo ni kutoona vizuri pasipo tiba. Mengine ni kutosikia, shinikizo la damu, kisukari, tumbaku, ulevi, hewa chafu, na upweke. Huko Seattle, Marekani, wazee waliopasuliwa mtoto wa jicho walionekana kupata demensia kwa uchache kuliko wasiopasuliwa, kama ilivyotangazwa mwaka 2021. Hospitali ya Kolandoto, iliyo ya kanisa la AICT karibu na mji wa Shinyanga, na ya Bugando huko Mwanza, zajulikana kwenu. Akina mama wengi hudhani upofu wa uzeeni ni sharti, kumbe ni mtoto wa jicho tu.

Rekebisheni jiko. Toboeni dirisha, jengeni jiko la udongo lenye dohani, kausheni kuni, pikeni nje kiangazi kifikapo, pandeni miti. Kijana anayemjengea bibi yake jiko lisilo na moshi amemtunza macho, kifua na uhai.

Mgonjwa mwenyewe msishindane naye. Akisema leo ni Jumapili na kumbe ni Alhamisi, mwambieni kwa upole, kisha endeleeni na mazungumzo. Akimwita marehemu, muulizeni habari zake, maana ya zamani huyakumbuka kuliko ya jana. Mpeni kazi nyepesi, kuchambua mchele au kupukuchua mahindi, aone yu mtu bado. Usiku fungeni mlango kwa upole, mwacheni mtu alale karibu. Asifungwe kwa kamba, wala asifichwe. Waambieni majirani waziwazi, "Bibi yetu ana maradhi ya kusahau, mkimwona, mrudisheni kwetu." Maneno hayo machache, yakisemwa mapema, yaweza kumwokoa.

Na mlezi naye asisahauliwe. Mara nyingi ni binti mmoja au mkwe mmoja abebaye mzigo wote. Wazee wa kanisa na wapange zamu, ili mama huyo apate siku ya kulala na siku ya kwenda ibadani.

Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Bibi aliyesahau majina yetu hawezi tena kutupa shauri, lakini sisi twakumbuka jina lake, na hilo ndilo deni letu kwake. Neema ya Bwana ikae katika nyumba zenu.

Maswali ya kuzungumza nyumbani na darasani

1. Wekundu wa macho uko sehemu gani ya jicho, na retina iko wapi?
2. Kwa nini picha ya jicho moja haitoshi kumwambia mtu kwamba ana Alzheimer?
3. Katika kijiji chetu ni mzee gani aishiye peke yake, na nani amemtembelea mwezi huu?
4. Someni Yohana 9. Wanafunzi walitaka kujua nini, naye Bwana alifanya nini?